Chale ya Saba

“Usifungue macho,” Namalwa aliniambia. “Ukifungua utaanza kuniangalia mimi, na leo hatujakuja kwa sababu yangu.”

Nikafumba. Alishika mkono wangu wa kulia, ule wa panga, akauweka juu ya mkono wake wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. Ngozi yake ilikuwa baridi kwa spiriti aliyojipangusa. Mimi ni mtu wa kukata miwa. Miaka ishirini na mitatu nimeinamia miwa ya Kabras, na vidole vyangu vimekauka mpaka nikivipitisha kwa blanketi vinang'oa nyuzi. Nilijua atashtuka. Hakushtuka. Ni mimi nilishtuka, kwa sababu tangu nimzike mke wangu hakuna mtu alikuwa ameniachia ngozi yake niishike.

“Sasa nionyeshe,” akasema. “Vile zilikuwa. Pole pole.”

Nafula mke wangu alikuwa na chale kiunoni, nyuma, upande wa kushoto, pale mkono wa mume unapojikalia wenyewe akimkumbatia mkewe. Nyanya yake ndiye alimchanja, huko kwao Malinya, akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Alitumia wembe na masizi ya chungu, Jumapili moja wazazi walipokuwa kanisani. Walirudi wakapiga kelele, lakini chale haifutwi kwa kelele. Miaka kumi na sita ya ndoa yetu nilizijua kwa vidole tu. Hakuna aliyewahi kuzipiga picha. Nani anapiga picha kiuno cha mke wake? Nafula akafa, na picha zake zote zilizobaki amevaa sweta.

Alivyokufa nitasema mara moja, halafu niache. Alikufa kwa benchi ya zahanati. Dawa ilikuwa ndani ya friji, ufunguo wa friji ulikuwa mfukoni mwa mkubwa wa zahanati, na mkubwa alikuwa semina. Semina ya kufundishwa kuhudumia watu. Siku ya mazishi alituma shada la maua ya plastiki. Hilo shada nililitundika chooni, na liko huko mpaka leo.

Basi miaka miwili ilipopita, nikaona vidole vyangu vinaanza kusahau. Nikaamka asubuhi moja nikajaribu kuhesabu chale za Nafula hewani, na nikapotea katikati. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kaburi. Ndio nikafikiri nizihamishe. Nizitie kifuani kwangu, upande wa moyo, ili kuwe na mahali duniani bado ziko.

Nilipokuja Kakamega mjini kutafuta mtu wa kuchora tatuu, nilielekezwa kwa kinyozi anaitwa Elvis, nyuma ya soko, mkabala na wanawake wanaouza kuku. Nyuma ya kinyozi kulikuwa na chumba cha mabati. Ndani, kuta zilijaa michoro ya simba, misalaba, waridi, na majina ya watu wanaopendana. Nilitegemea kijana mwenye hereni. Nikakuta mwanamke wa miaka kama thelathini na sita, amefunga leso kiunoni, anakula mahindi ya kuchemsha.

“Mzee, umepotea,” akaniambia. “Kunyoa ni mbele.”

“Sijapotea. Nataka kuchorwa.”

“Wewe?” Akaweka hindi chini. “Simba au msalaba?”

“Mke wangu.”

Hakutania tena. Alinipa karatasi na kalamu nichore chale zilivyokuwa, nikachora kitu kama kuku amepekua. Mara ya pili nilipokuja mvua ilinifungia pale, tukakaa tukinywa chai mpaka Elvis akapiga hodi akauliza kama tumehamia. Nilimwambia Namalwa habari nyingi siku hiyo. Yeye alisikiliza, na kila nilipomtukana mkubwa wa zahanati aliniongezea sukari. Nilipofika nyumbani niligundua sijui chochote kuhusu yeye. Nilijua tu kwamba akisikiliza anainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, na kwamba nilitaka kukiona hicho kichwa tena.

Mara ya tatu ndiyo siku ninayosimulia.

“Karatasi haina mwili,” alikuwa amesema. “Vidole vyako vinajua, lakini vinataka mwili. Tumia mkono wangu. Wewe pitisha kidole, mimi nitafuata nyuma na kalamu.”

Nikapitisha kidole. Ya kwanza, fupi, urefu wa kifundo cha kidole, imelala kama jani la muwa. Nyuma yake kalamu ikafuata, baridi, inatekenya. Ya pili chini yake. Ya tatu. Nilikuwa nahema kama mtu anayepanda kilima. Nikasikia na yeye anahema.

“Unatetemeka, Baba Michelle,” akasema. Ananiitanga hivyo, kwa jina la binti yangu, kama watu wote.

“Ni wewe unatetemeka.”

“Nyamaza ufanye kazi.”

Ya nne. Ya tano. Kidole kikateleza kidogo, kikashuka karibu na kiganja chake, na hapo kikakutana na kitu. Ngozi ilikuwa imeinuka.

“Hapa kuna nini?”

“Ndege. Umemwona siku zote, yule wa wino mweusi.”

“Najua ndege. Chini ya ndege.”

Nje kuku walikuwa wakilia na mwanamke mmoja alikuwa akiapa kwamba jogoo wake hajawahi kuumwa hata siku moja. Nikaendelea kupapasa. Palikuwa na duara. Halafu kijiti na tumbo lake. Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, darasa la nne niliacha, lakini vidole vilisoma upesi.

“Hili ni jina,” nikasema. “Linaanza na O.”

“Oduor,” akasema, kwa sauti ya chini. “Ndiye alinifundisha hii kazi. Alinichora jina lake siku alisema ananioa. Akaniachia mashine, akaniachia jina, akaenda zake na mwingine. Nikajichorea ndege juu yake, mwenyewe, kwa mkono wa kulia, nikilia. Miaka sita watu wananiambia, Namalwa, ndege yako ni mzuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Oduor chini yake. Wewe hata hujafungua macho.”

“Pole.”

“Usiniambie pole. Maliza.”

Nikarudi juu. Ya sita nikaipata mahali pake. Kisha kidole kikasonga tena, chenyewe, kikafika mahali, kikakuta bure.

“Hapa kuna nafasi,” nikasema. “Kidole kinafikanga hapa kinatafuta nyingine, hakuna. Nilikuwa namtania kwamba nyanya yake alichoka.”

“Yeye alikuwa anasema nini?”

“Alikuwa anacheka. Halafu anageuka upande mwingine.”

“Basi ni sita.”

“Ni sita. Naweza kuangalia?”

“Angalia, Hezekiah.”

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikafungua macho. Chale za mke wangu zilikuwa zimelala juu ya mkono wa mwanamke mwingine, kwa kalamu ya bluu, vile vile, hata ule mpindo mdogo wa ya tatu. Nilitaka kulia, na wakati huo huo nilitaka kuinua huo mkono niuweke shavuni. Nikainua macho nimshukuru, nikakuta ananiangalia, kichwa amekiinamisha upande wa kulia. Hakuna aliyeangalia kando. Sijui ilichukua muda gani. Mwanamke wa jogoo alikuwa ameshauza.

Namalwa ndiye alivunja. Akasimama, akaenda kwa meza ya mashine, akashika wino, akauweka. Akashika glavu, akaziweka. Mgongo ulikuwa kwangu.

“Sitakuchora,” akasema.

“Nini?”

“Umesikia.”

“Namalwa, mwezi mzima unaniambia njoo. Nimeacha shamba. Nimeketi hapa kama mgonjwa, nimekupa kila kitu changu, sasa unasema hutaki?”

“Sijasema sitaki. Nimesema sitakuchora.”

“Kwa sababu gani?”

Akageuka. Macho yalikuwa yamelowa lakini kidevu kilikuwa juu.

“Kwa sababu nikishakiandika hicho kifua, mimi nitaweka kichwa changu wapi?”

Kama ningekuwa mwanamume mwenye akili, ningesimama hapo hapo nimshike. Lakini mimi mtu akininyima kitu namwona mkubwa wa zahanati.

“Hata wewe,” nikasema. “Hata wewe uko na ufunguo mfukoni.”

Nilimwona akipokea hilo neno. Lilimwingia kama mwiba unavyoingia kwa kisigino, mtu anasimama kwanza kabla hajalia.

“Mimi sijaenda semina, Hezekiah,” akasema pole pole. “Niko hapa. Nimekupa mkono wangu ukazika mkeo juu yake mara ya pili, na sikusema kitu. Unajua kitu nimeona? Ukimtukana yule mtu wa zahanati uso wako unapumzika. Ukiwatukana wakubwa wa kiwanda cha sukari unapumzika. Sasa mimi pia umeniweka kwa hao. Haya. Pumzika.”

“Sikumaanisha hivyo.”

“Ulimaanisha. Lala hapo.”

“Namalwa.”

“Lala! Kazi ni kazi. Unataka mke wako kifuani, nitakuwekea mke wako kifuani. Nitaweka vizuri, hakuna mtu Kakamega atakuwekea vizuri kama mimi. Na ukitoka hapo mlangoni usirudi kunywa chai.”

Nikavua shati nikalala juu ya ile meza ndefu iliyofunikwa kwa nailoni. Ningesema hapana, lakini kiburi kilinikatalia. Alininyoa nywele za kifua bila kuniangalia usoni. Akapaka spiriti. Machozi yake mawili yalianguka, moja kwa nailoni, moja kwangu, na akalipangusa hilo la kwangu kwa pamba kama uchafu. Akawasha mashine. Ikanguruma kama nyuki ndani ya chupa. Nikafumba macho nikasubiri sindano.

Badala ya sindano nikasikia sauti ya Elvis kule mbele.

“Mama, huko ndani kuna mteja! Mama, huko huingii!”

“Huyo mteja ni mume wa dada yangu. Niondokee na hiyo mashine yako ya kunyoa.”

Nikaijua sauti kabla pazia halijafunguka. Khalayi, dada mkubwa wa Nafula, ameolewa Khayega. Ndiye alimchukua Michelle wangu baada ya mazishi, ndiye anamlea mpaka sasa yuko kidato cha tatu, na mimi naenda kumsalimia binti yangu Jumamosi kama mgeni. Khalayi ni mwanamke mkubwa wa mwili. Alipoingia, chumba kilibaki kidogo.

“Baba Michelle,” akasema. “Vaa shati yako.”

“Shemeji, karibu.”

“Sijakuja kukaribishwa. Soko yote ya Khayega inanicheka. Ati shemeji yako amepata bibi wa sindano. Mimi nawaambia hapana, huyo bado anaomboleza. Kumbe maombolezo yako na kitanda!”

“Si kitanda, ni meza ya kazi,” Namalwa akasema.

“Sijaongea na wewe, mama wa ndege. Nikitaka kuongea na wewe nitaku...”

Akakoma. Alikuwa ameuona mkono, na ile bluu iliyokuwa juu yake.

Namalwa alijaribu kuurudisha nyuma lakini Khalayi alikuwa ameshaushika. Akauvuta kwa mwangaza wa dirisha. Midomo yake ilikuwa inasonga, anahesabu. Halafu sauti yake ikatoka ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

“Hizi umezitoa wapi?”

“Kwa vidole vyake,” Namalwa akajibu.

“Hizi ni za Nafula.”

“Ndio, mama. Ni za Nafula.”

Khalayi akatema mate kwa ncha ya leso yake, akaanza kusugua huo mkono, kwa nguvu, kama mama anayemsugua mtoto matope. Wino wa kalamu ukatapakaa. Namalwa aliuma mdomo, hakuuvuta mkono.

“Shemeji, unamuumiza!” nikasema, nikaketi.

“Wewe nyamaza! Unamwekea mwanamke wa barabarani chale za dada yangu?”

“Alikuwa ananisaidia kuzikumbuka. Nataka zikae kwangu, hapa.” Nikajipiga kifuani. “Zisipotee. Ni kosa?”

Khalayi akamwachilia Namalwa. Akaniangalia kifua kilichonyolewa, akaangalia mashine inayonguruma bure mezani.

“Zote sita?” akauliza.

“Zote sita.”

“Na ya saba?”

“Alikuwa na sita tu, shemeji. Mimi ndiye nilikuwa mumewe.”

Akageuka akanipa mgongo. Akainua blauzi upande, kiunoni, bila haya, kama mtu anayemwonyesha daktari.

“Hesabu,” akasema.

Sikunyosha mkono. Nilihesabu kwa macho. Zilikuwa zile zile, zimelala vile vile, kazi ya wembe mmoja. Sita. Na pale ambapo kidole changu kilifikanga kikakuta bure, palikuwa na nyingine, ndefu kuliko wenzake.

“Nyanya alituchanja sita sita,” Khalayi akasema, akishusha blauzi. “Hiyo ilikuwa desturi yake yeye, sijui aliitoa kwa nani. Ya saba alisema si yake kukata. Ni ya huko mtu anaolewa. Ukizaa mtoto wa kwanza, mama ya bwana yako anaikata, ndio ujue umefika, wewe si mgeni tena. Mimi mama mkwe alinikatia, na alikuwa mkali kama pilipili. Nafula alipozaa Michelle, alimwambia mama yako. Mama yako akakataa. Akasema yeye ni mtu wa kanisa, hashiki wembe ya giza.”

“Mama hakuwahi kuniambia.”

“Angekuambia nini? Na Nafula hakukuambia kwa sababu hiyo chale haiombwi kwa mwanamume. Lakini aliweka wembe. Mpya, kwa karatasi yake, chini ya godoro, upande wake. Aliniambia, dada, mama akibadilisha roho asikose wembe. Alingoja mwaka mzima, mpaka siku moja akaja kwangu Khayega akaniambia wembe umepotea.”

Nilikuwa naukumbuka huo wembe. Ilikuwa asubuhi ya sherehe ya ubatizo wa Michelle. Nilikuwa nimechelewa, natafuta mkanda, nikainua godoro. Nikaona wembe mpya kwa karatasi yake. Nilifurahi. Nilinyoa ndevu nao mbele ya kile kioo kidogo, nikiimba, na Nafula akaingia na mtoto akanikuta. Nikamwambia, mke wangu unanijali, umeniwekea wembe. Akasimama pale mlangoni. Akasema, “Umependeza.” Na mimi nikaendelea kuimba.

“Ni mimi,” nikasema.

“Nini?”

“Ni mimi niliuchukua. Nilinyoa nao ndevu.”

Nilingoja Khalayi anipige. Nilikuwa tayari kumlaumu mama yangu, aliyekwisha kufa mwaka wa korona. Nilikuwa tayari kumlaumu mchungaji wake. Nilitafuta mkubwa wa kubeba hilo neno, na kila nilipogeuka niliona kile kioo kidogo na uso wangu wenye sabuni.

“Dada yangu alizikwa kwenu kama mgeni,” Khalayi akasema. “Sasa ati unataka kumvaa. Hizo sita zilikatwa kwa ngozi yake, ziliingia ardhini na mwenyewe. Waachie hao walio chini mali yao.”

Hapo stima ikapotea. Mashine ikakata sauti, na mvua ya saa tisa ikaanza juu ya mabati. Kule mbele Elvis akapiga yowe.

“Hawa watu wa stima! Nimenyoa mtu nusu kichwa! Sasa atatembea hivi?”

Namalwa alikuwa ameenda kwa beseni pembeni. Bila kuambiwa na mtu alichukua sabuni akaosha mkono, pole pole, kwa heshima, vile watu huosha vyombo vya matanga. Wino wa bluu ukaondoka wote. Ndege akabaki.

“Namalwa,” nikasema. “Sindano ya mkono unayo? Ile isiyotaka stima?”

“Niko nayo.”

“Nitilie moja tu. Ya saba.”

Khalayi akaruka. “Mwanamume hachanjwi hiyo!”

“Shemeji, mama yangu hayuko. Dada sina. Watu wa kwetu wa kumwambia Nafula amefika, nimebaki mimi peke yangu. Sita ni zake, abaki nazo. Hii hakuwahi kupewa. Niachie niibebe mimi.”

“Na Michelle nitamwambia nini? Baba yako nilimkuta kwa mwanamke wa tatuu, amelala kifua wazi?”

“Mwambie hivyo. Si uongo.”

“Akisema hataki kukuona?”

Hilo ndilo lilikuwa linaniuma kuliko sindano yoyote. Nikasema tu, “Nitakuja Jumamosi.”

Khalayi akafunga leso yake vizuri, akaenda mpaka kwa pazia. Akashika nguo ile bila kuifungua. Mvua ilikuwa inapiga na sikuwa na hakika kama ameniambia mimi au Namalwa, kwa sababu hakugeuka.

“Haianzii juu. Inaanzia chini inapanda. Na isiguse zile zingine.”

“Zingine haziko,” Namalwa akasema kwa upole.

“Ziko,” Khalayi akasema, akatoka kwa mvua.

Tukabaki wawili. Namalwa alichemsha maji kwa jiko dogo la gesi, akafungua sindano mpya, akavaa glavu. Akasimama juu yangu na ile sindano, kifua changu kimenyolewa kinang'aa mbele yake.

“Wapi?” akauliza. Sauti yake ilikuwa kavu. Alikuwa amejiandaa kwa jibu.

Nikageuka, nikalala kwa ubavu wa kulia. Nikachukua kidole chake, nikakiweka kiunoni kwangu, nyuma, upande wa kushoto. Pale ambapo kwa Nafula kidole kilikutanga bure.

“Hapo.”

Alianza chini, akapanda. Bila mashine kazi ni ndefu. Kila tone ni mkono, sindano inazama, inatoka, inarudi kwa wino. Nilimsikia akipumua karibu na mgongo wangu. Nililia wakati huo, kwa sauti, kama mtoto, kitu ambacho sikufanya kaburini kwa sababu kaburini nilikuwa na hasira na shada la plastiki. Namalwa hakuniambia nyamaza wala pole. Aliposikia nimetikisika sana alikuwa anangoja, ameinua sindano, halafu anaendelea.

“Imeisha,” akasema mwishowe. Akapangusa damu, akapaka mafuta, akafunika kwa kitambaa safi. “Usitie maji siku tatu. Usikate miwa wiki mbili. Usijikune.”

“Namalwa, lile neno la ufunguo...”

“Nililisikia. Bado linauma. Usilitengeneze leo.”

Nikageuka nikalala chali, kiuno kinawaka moto. Alikuwa anakusanya pamba zenye damu, hanitazami. Halafu akaangalia kifua changu, kipara kama kichwa cha mtoto mchanga, hakina alama hata moja.

“Hicho nimekinyoa bure,” akasema.

“Sijui kama ni bure.”

Akavua glavu. Akasimama kidogo, akisikiliza mvua. Kisha akainama, akaweka kichwa pale, upande wa moyo, mara moja tu, kama mtu anayejaribu mto dukani. Nywele zake zilinuka spiriti na moshi wa mahindi. Nilitaka kuinua mkono nimshike, lakini kabla haujafika alikuwa ameshainuka, anafunga leso, amegeuza uso.

“Vaa shati,” akasema. “Jumamosi ni mbali. Nenda Khayega sasa, umwambie mtoto mwenyewe, kabla mvua hii haijamwachia mama yake mkubwa afike.”